Amin, Makuli wa Kilindini na Bei ya Kudai Ardhi ya Jirani

Wengi wanaoandika juu ya udikteta huchukulia kwamba mtawala akinyoosha mkono nje ya mipaka yake, raia humpenda zaidi. Mifano haikosekani. Mussolini hakuwahi kushangiliwa Italia kama alivyoshangiliwa Mei 1936, majeshi yake yalipokwisha kuingia Addis Ababa. Miezi mitano kabla yake wanawake wa Italia walikuwa wamevua pete zao za ndoa kuichangia vita hiyo. Huko Buenos Aires, polisi waliwapiga waandamanaji waliowapinga majenerali tarehe 30 Machi 1982. Siku tatu baadaye umati ulijaa mji ule ule kushangilia kutekwa kwa visiwa vya Malvinas.

Historia ya Afrika Mashariki inatupa mfano unaokwenda kinyume. Hoja yangu ni kwamba shangwe za namna hiyo hupatikana pale tu ushindi unapomfikia raia kabla ya gharama zake. Gharama zikitangulia, anayenufaika ni mtawala wa nchi inayodaiwa. Mwaka 1976 gharama hizo zilipangwa Mombasa, kwenye magati ya Kilindini na matangi ya Changamwe.

Tarehe 15 Februari 1976 Rais wa Uganda, Idi Amin, alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, pamoja na sehemu ya kusini mwa Sudan, zilikuwa za Uganda. Mpaka aliokuwa akiudai ungefika kiasi cha kilomita 32 kutoka Nairobi. Historia haikumkana moja kwa moja, kwani mwaka 1902 Waingereza waliumega mkoa wa mashariki wa Uganda, Kisumu na Naivasha zikiwamo, wakautia katika eneo lililokuja kuitwa Kenya. Mtu wa Mombasa, kwa kweli, si wa kuyacheka madai ya aina hii. Ardhi ya Likoni, Changamwe na Kisauni ilihesabiwa kuwa ya Sultani wa Zanzibar hadi Desemba 1963, nayo ikaingia Kenya kwa makubaliano ya Oktoba mwaka huo baina ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte. Wako Wapwani ambao makubaliano hayo hayajawashuka kooni mpaka leo. Kama kuna mahali Kenya ambapo hoja ya mipaka ya mkoloni ingepata msikilizaji, basi ni hapa.

Haikupata. Makuli wa Kilindini walikataa kugusa shehena ya Uganda. Si lazima sababu zao ziwe zilikuwa moja. Changamwe, katika mitaa kama Chaani na Magongo, wakaazi wengi walikuwa wametoka magharibi ya Kenya kufuata kazi za bandari, reli na viwanda. Makwao ndiko Amin alikokuwa akikudai. Kwa Mdigo aliyevuka kila alfajiri kwa feri ya Likoni, au Mgiriama wa Kisauni, Kisumu ilikuwa mbali, lakini bandari ilikuwa mkate wake na serikali aliyoijua ilikuwa ya Nairobi. Mgomo huu pia ulikuwa na nguvu ya mazoea: hawa ni warithi wa mgomo mkuu wa 1947 na ule wa bandarini wa 1955. Walijua kwamba meli isiyopakuliwa husema kuliko hotuba.

Jambo moja husahauliwa. Wakati ule bandari haikuwa ya Kenya peke yake. Ilikuwa chini ya Shirika la Bandari la Afrika Mashariki, lenye makao yake Dar es Salaam, na Uganda ilikuwa mmoja wa wenye shirika. Makuli, kwa hiyo, walikuwa wakimfungia mlango mwenye nyumba. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ilivunjika mwaka uliofuata. Si haki kumtwika Amin lawama yote ya kuvunjika kwake, maana ugomvi wa Nairobi na Dar es Salaam ulikuwa mzito kuliko wake, lakini hakuna aliyeudhihirisha udhaifu wa umiliki ule wa pamoja kama yeye.

Kisha kuna mafuta. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi 1963, kilijengwa kwa soko la kanda nzima. Bomba la kwenda Nairobi halikuwa limefunguliwa, lilifunguliwa 1978, kwa hiyo petroli ya Uganda ilisafiri kwa mabehewa na malori. Kuizuia hakukuhitaji askari hata mmoja. Mwezi Julai, baada ya makomando wa Israeli kuwakomboa mateka Entebbe, Amin aliishutumu Kenya kwa kuwasaidia, na Wakenya waliokuwa Uganda wakauawa. Kenya ikataka mizigo ilipiwe kwa shilingi yake, na mafuta yakakatika. Amin alitishia vita. Mwezi wa Agosti pande mbili zikapatana Nairobi, na madai ya Februari, ambayo alikwisha anza kuyalegeza kabla mwezi ule haujaisha, hayakurudi tena.

Tutajuaje basi kama Waganda walimpenda zaidi au walimchukia zaidi? Hakuna kura ya maoni chini ya serikali inayoteka watu usiku. Umati kwenye mikutano hautuambii kitu. Uliamrishwa. Kipimo ninachokiamini ni magendo. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na wakulima wa Uganda, badala ya kuiuzia bodi ya serikali kwa bei ya kutupa, waliivusha usiku hadi Chepkube, upande wa Bungoma. Soko hilo dogo lilitajirisha watu kwa miezi michache. Lilikuwa ndani ya ardhi ambayo Amin alitaka kuirudisha Uganda. Raia wake walikuwa wakihatarisha maisha ili mavuno yao yatoke Uganda yaende huko.

Linganisha na 1972. Alipowapa Waasia siku 90 waondoke, Amin alishangiliwa kweli, hata na Waafrika wengi nje ya Uganda. Tofauti ni kwamba pale palikuwa na cha kugawa: maduka, nyumba, magari. Wakazuka mafutamingi, matajiri wapya wa mali hiyo. Madai ya 1976 hayakuwa na duka hata moja la kugawa. Yaliongeza tu foleni ya petroli.

Kuna atakayesema kwamba dikteta hahitaji kupendwa na wote, anahitaji kupendwa na wenye bunduki. Ni pingamizi la maana, na uvamizi wake wa Kagera, huko Tanzania, hueleweka zaidi kwa njia hiyo. Mwaka 1978 bei ya kahawa ilikuwa imeshuka, Makamu wa Rais Mustafa Adrisi alikuwa ameumia katika ajali iliyozua shuku, na vikosi vya kusini magharibi vilikuwa vikiasi. Novemba mosi Amin akatangaza kuitwaa ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera, kilomita za mraba 1,800 hivi. Askari walipora ng'ombe, mabati na mashine. Kwa siku chache palikuwa na cha kugawa. Lakini askari aliyelipwa kwa ngawira hupigana mpaka pale ngawira inapoisha; majeshi ya Tanzania yaliposonga mbele, vikosi vingi vilikimbia na mizigo yao. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na waliomiminika barabarani waliwashangilia wavamizi.

Kwa hiyo ubabe wa Amin ulimpa nani umaarufu? Nyerere wa Tanzania, aliyepata taifa zima nyuma yake wakati uchumi ukiyumba na vijiji vya ujamaa vikinung'unikiwa. Kabla yake, Kenyatta. Machi 1975 mbunge J.M. Kariuki alikuwa ameuawa, na kamati ya bunge ikawatia doa watu wa karibu na serikali. Oktoba mwaka huo huo wabunge Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa katika majengo ya bunge na kuwekwa kizuizini. Miezi minne baadaye Amin akatoa ramani yake, na gumzo likahama kutoka kwa Kariuki kwenda mpakani. Makuli wale wale ambao wangeweza kuuliza maswali juu ya bunge walikuwa sasa ulinzi wa kwanza wa taifa, na serikali iliyozoea kuivunja migomo ya bandarini haikuuvunja huu. Shikuku na Seroney walibaki kizuizini hadi Desemba 1978, Kenyatta akiwa amekwisha fariki, walipoachiwa na Daniel arap Moi.