Vyama vya Wapenzi wa Mpira katika Uskoti

Watu wengi wasomapo habari za mpira husoma majina ya wachezaji na hesabu ya magoli, kisha huridhika. Wale waliolipa kiingilio hawatajwi ila kwa jumla, ya kuwa walikuwa elfu kadha wa kadha. Leo twataka kuandika habari za hao wasiotajwa, wa nchi ya Uskoti iliyo kaskazini ya kisiwa cha Britania. Huko tangu zamani watu wasiocheza kabisa walijifanyia vyama vyao, wakachagua mwenyekiti na mshika fedha, wakawa na bendera na ada ya kila juma, kana kwamba na wao ni timu.

Mchezo wenyewe ulishika mizizi upesi. Chama cha Queen's Park kilianzishwa Glasgow mwaka 1867, na tarehe 30 Novemba 1872 Waskoti walicheza na Waingereza huko Partick, mchezo wa kwanza wa nchi kwa nchi. Waliokuja kutazama walikuwa wapata 4,000, wala halikufungwa goli hata moja. Lakini mwaka 1937, siku ya tarehe 17 Aprili, mataifa yale yale mawili yalipokutana katika kiwanja cha Hampden, watu walikuwa 149,415. Sababu za maongezeko hayo si za siri. Glasgow ulikuwa mji wa kuunda meli na kufua chuma, watu wake wamesongamana katika nyumba za vyumba vidogo. Wakaanza kupewa mapumziko ya Jumamosi alasiri, tena walikuwa na treni na tramu za kuwapeleka viwanjani kwa nauli ndogo.

Katika watu hao walikuwamo Waairishi wengi, waliokimbia njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 viazi vilipooza mashambani mwao. Walikuwa Wakatoliki katika nchi ya Waprotestanti, na kazi walizopewa zilikuwa zile za chini. Mwaka 1875 padre Edward Hannan na vijana wa parokia yake mjini Edinburgh walianzisha Hibernian. Mwaka 1887 Bruda Walfrid, wa shirika la Marist, alianzisha Celtic upande wa mashariki wa Glasgow, ili fedha za kiingilio ziwalishe watoto maskini wa mitaa ile. Mchezo wao wa kwanza, tarehe 28 Mei 1888, walicheza na Rangers, wakashinda 5 kwa 2. Wala hapakuwa na uadui siku ile.

Hapo ndipo tunapofika kwenye vyama vya breki. Breki ilikuwa gari kubwa la wazi la kukokotwa na farasi, lenye nafasi ya watu wapata 25 (jina tu, si ile breki ya kusimamishia baiskeli). Mtu mmoja hakuweza kulikodi peke yake. Basi watu wa mtaa mmoja walichanga senti chache kila juma, na siku ya mchezo wa ugenini gari likawapo mlangoni. Kilichotushangaza katika habari hizi ni asili ya vyama vyenyewe. Vile vya kwanza vya Celtic, mwaka 1889, vilitoka katika matawi ya Ligi ya Msalaba, chama cha Wakatoliki cha kuacha pombe. Hekima yake si ngumu kuiona: kijana aketiye garini pamoja na wenzake walioahidi kutokunywa, akaenda nao na kurudi nao, hapati nafasi ya kupotelea kilabuni njiani na mshahara wake wa juma mfukoni.

Kila breki ilikuwa na bendera yake ya kitambaa, mara nyingi imechorwa sura ya mchezaji apendwaye, na jina la mtaa chini yake. Walipita barabarani wakipiga tarumbeta na kuimba. Kwa mtu ashindaye juma zima katika moshi wa tanuru, bila jina ila namba yake ya kazi, twaweza kufahamu furaha ya kupita mjini juu ya gari, chini ya bendera iliyoandikwa jina la kwao. Tena katika chama alijifunza mambo asiyofundishwa kiwandani: kuandika hesabu, kuongoza mkutano, kuchagua na kuchaguliwa.

Lakini bendera ile ile iliyompa heshima mwenyewe ilikuwa uchokozi kwa mwingine. Timu nyingine zilipata breki zao pia. Magari ya Celtic yalipopita mitaa ya Rangers, au ya Rangers kupita mitaa ya Waairishi, mawe yalirushwa, na Jumatatu watu wakasimama mbele ya hakimu. Pombe nayo, iliyofukuzwa mlangoni, ikarudi kwa dirishani. Na baada ya vita ya 1914 hadi 1918, magari ya moto yalipochukua mahali pa farasi, vita vya barabarani vilikwenda mbali zaidi.

Wakati huo jambo jingine lilikuwa limekwisha kutendeka, tena kwa kimya. Mwaka 1897 Celtic iligeuzwa kuwa kampuni ya wenye hisa, na mwaka 1899 Rangers kadhalika. Bruda Walfrid alikuwa amehamishiwa London tangu 1892, na sadaka kwa meza za watoto maskini zikapungua sana. Walioimba garini waliendelea kusema "timu yetu", lakini katika vitabu vya sheria haikuwa yao tena.

Yaliyotokea mwaka 1909 twayasoma kwa macho hayo. Celtic na Rangers walikwenda sare katika fainali ya Kombe la Uskoti. Wakarudia tarehe 17 Aprili, wakaenda sare tena. Watu wapata 60,000 walidhani dakika zitaongezwa. Walipoona wachezaji wanatoka, wengi waliamini ya kuwa sare zinatengenezwa ili wao walipe kiingilio mara ya tatu. Wakaingia uwanjani, wakavunja milingoti ya magoli, wakachoma vibanda vya tikiti, wakakata mipira ya maji ya wazima moto. Zaidi ya watu 100 waliumia, na kombe halikutolewa mwaka ule. Hatuwatetei wachoma moto. Lakini yafaa kuona ya kuwa siku hiyo wapenzi wa pande mbili hawakupigana wao kwa wao. Walikuwa pamoja juu ya wakubwa na polisi.

Umoja wa namna hiyo ulikuwa nadra. Rangers kwa miaka mingi haikuwaandikisha wachezaji waliojulikana kuwa Wakatoliki, mpaka ilipomtwaa Maurice Johnston mwezi Julai 1989, na wako wapenzi wake waliochoma skafu zao kwa hasira. Celtic haikuwa na mwiko huo. Jock Stein, aliyeiongoza kutwaa Kombe la Ulaya mjini Lisbon mwaka 1967, alikuwa Mprotestanti. Hata hivyo nyimbo za matukano zimetoka pande zote mbili. Bunge la Uskoti lilitunga sheria mwaka 2012 juu ya mwenendo wa matusi katika mpira. Vyama vya wapenzi vikaipinga, vikisema inamfanya mtu kuwa mhalifu kwa kuwa tu yumo uwanjani, na mwaka 2018 ikafutwa. Kwa maoni yetu chuki iliyolelewa nyumbani haiwezi kuponywa langoni mwa kiwanja, ijapokuwa hapo ndipo isikikapo zaidi.

Na haikuwa chuki tu. Tarehe 5 Septemba 1931 John Thomson, golikipa wa Celtic mwenye umri wa miaka 22, aligongana na mshambuliaji wa Rangers katika kiwanja cha Ibrox, akafa usiku ule. Wapenzi wa Rangers walipoanza kushangilia, nahodha wao wenyewe, David Meiklejohn, aliinua mkono kuwanyamazisha. Katika mazishi, huko Cardenden, kijiji cha wachimba makaa, walikuwapo watu wapata 30,000, na baadhi yao walikuwa wametoka Glasgow kwa miguu, mwendo wa zaidi ya maili 50, kwa kuwa hawakuwa na kazi wala nauli.

Twarudi Ibrox kwa msiba mwingine. Mwaka 1902 jukwaa la mbao lilivunjika huko, wakafa watu 25. Likajengwa la udongo na saruji, na ngazi za kushukia. Ngazi moja, namba 13, ilikuwa ndefu na kali. Mwaka 1961 watu 2 walikufa hapo, na mwaka 1967 na 1969 wengine waliumia. Tarehe 2 Januari 1971 Celtic walifunga katika dakika ya mwisho, na mara Colin Stein akasawazisha. Watu wa Rangers waliposhuka kwa furaha, mmoja au zaidi alianguka katikati ya ngazi, na waliokuwa nyuma hawakuweza kusimama. Walikufa 66, na katika hao vijana 5 wa kijiji kimoja, Markinch. Kwa muda mrefu ilisemwa ya kuwa walikuwapo waliogeuka kurudi juu waliposikia kelele za goli. Lakini baraza la uchunguzi liliona ya kuwa wote walikuwa wakishuka njia moja. Yaani lawama waliyobebeshwa marehemu haikuwa yao. Mwaka 1974 hakimu aliamua ya kuwa klabu ilikuwa na kosa kwa kutoitengeneza ngazi baada ya kuonywa mara tatu. Sheria ya usalama wa viwanja ilipatikana mwaka 1975. Mwaka 1980, baada ya ghasia za fainali nyingine ya Celtic na Rangers, pombe ilipigwa marufuku viwanjani na katika mabasi ya wapenzi; Ligi ya Msalaba ingalifurahi.

Limebaki neno la mali. Mwaka 1967 klabu ya Third Lanark, iliyokuwa bingwa wa nchi mwaka 1904, ilikufa kwa madeni na uongozi mbaya. Wapenzi wake walitazama tu, kwa maana hawakuwa na sauti katika kampuni. Wengine walijifunza. Mwaka 1990 wa Hibernian waliandamana na kuzuia klabu yao isinunuliwe na mwenyekiti wa Hearts, wapinzani wao wa mji mmoja. Mwaka 1994 Celtic ilikuwa karibu kufilisika. Ikaokolewa na Fergus McCann, kisha maelfu ya wapenzi wakanunua hisa. Rangers ilipoanguka mwaka 2012 na kuanza upya daraja la nne, watu 49,118 walikuja kutazama mchezo wake wa kwanza wa ligi nyumbani.

Walakini waliofika mbali zaidi ni wa Hearts. Klabu yao iliposhindwa kulipa madeni mwaka 2013, maelfu walikubali kutoa fedha kila mwezi, kama wale wa breki walivyotoa kila juma, na tarehe 30 Agosti 2021 chama chao kilikabidhiwa hisa nyingi kuliko wote. Motherwell ilikuwa imetangulia mwaka 2016. Mwaka 2024 tajiri mmoja wa Marekani alitaka kuingia Motherwell na fedha zake, kwa masharti ambayo yangeondoa wingi wa hisa mikononi mwa chama. Fedha zilihitajiwa, na wako waliosema zikubaliwe. Wanachama walipiga kura, wakazikataa.

Na mjini Glasgow, katika bustani ya Cathkin, ngazi walizosimama watu wa Third Lanark zingalipo, miti imeota katikati yake.