Manowari iliyopigana nchi kavu

Kwetu Oltepesi, kwa barabara ya Magadi, maji tunayoyajua sana ni yale punda amebeba kwa mitungi. Kwa hivyo mnaweza kucheka mimi nikiandika kuhusu manowari. Lakini kuna manowari moja ambayo mzinga wake ulipigana Kahe, karibu na Moshi, chini ya mlima uleule ambao watu wa Oloitokitok huamka wakiutazama. Mzinga wa meli, huku bara! Ulifikaje?

Meli yenyewe ni Königsberg, ya Wajerumani. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa karibu kuanza. Ilikuwa kruza nyepesi, aina tofauti kabisa na zile manowari kubwa zenye chuma kinene kila upande. Kruza nyepesi ni ya mbio: inapeleleza, inawinda meli za mizigo, na ikiona adui mkubwa kuliko yeye inatoroka. Hii ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105 na boila za makaa ya mawe. Kumbukeni hizo boila.

Asubuhi ya Septemba 20, 1914, ikatokea Zanzibar. Bandarini kulikuwa na Pegasus, kruza kuukuu ya Waingereza, imetia nanga mitambo yake ikirekebishwa. Pegasus ilikuwa na mizinga 8 ya inchi 4. Ukipima upana wa mdomo, hiyo ni karibu sawa na ya Königsberg. Shida ni umbali. Königsberg ilisimama mbali, ikapiga, na Pegasus ikijibu risasi zake zinaishia majini. Siku hiyohiyo Pegasus ikazama. Ndiyo maana mtu akinihesabia idadi ya mizinga ya meli namuuliza kwanza: inafika wapi?

Lakini mshindi naye alikuwa mgonjwa. Mitambo iligoma, makaa yalikuwa shida kupata, ikabidi Königsberg ijifiche kwenye delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, milingoti imefunikwa matawi. Vipuri vya boila vikavutwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100, halafu vikarudishwa hivyohivyo. Waliovuta ni Waafrika. Shikilia hapo, nitawarudia.

Waingereza waliipata mwishoni mwa Oktoba, lakini kuipata na kuifikia ni mambo mawili. Kila meli ina sehemu inayokaa chini ya maji, na kruza zao zilikuwa zinazama sana kuingia kwenye mito ile. Zingekwama matopeni kama lori la mchanga. Wakaleta Severn na Mersey, meli za aina inayoitwa monita, ambazo kwanza ziliundwa kwa ajili ya Brazil, za kutumika mto Amazon. Kusema ukweli ni meli mbaya kwa sura: bapa, polepole, baharini zinayumba vibaya. Lakini zilihitaji maji ya chini ya mita 2 tu, na zilibeba mizinga ya inchi 6. Julai 6, 1915 zikashindwa. Julai 11 zikarudi, ndege kutoka kisiwa cha Mafia ikiwaonyesha risasi zinaangukia wapi, na safari hii zikapata. Kapteni Max Looff akaamuru meli yake mwenyewe ilipuliwe.

Vitabu vingi huweka nukta hapo. Kwangu mimi stori ndiyo inaanza.

Wajerumani walitoa mizinga yote 10 kwenye lile tope, wakaifungia magurudumu, wakaisambaza. Machi 1916 mmoja ulikuwa Kahe. Mei, mingine ilikuwa inapiga Kondoa Irangi. Na reli haifiki kila mahali, so mzinga mmoja ulivutwa na mamia ya watu kwa kamba, kwa mchanga, kwa milima. Upande wa Waingereza nao wapagazi walibeba unga na risasi. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Jina la Looff ninalo. Jina la mtu hata mmoja wa ile kamba sina.

Waingereza waliita kikosi chao cha wapagazi Carrier Corps. Mdomo wetu ukafanya hilo jina Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar. Ndiyo, palepale tunapoendea nyama choma na viatu vya ngozi.

Mizinga 3 ya Königsberg bado ipo: Pretoria, Jinja na Fort Jesus, Mombasa. Ule wa Mombasa uko pamoja na mzinga wa Pegasus. Ukifika, kabla ya picha, weka mkono kwenye ule mtutu, usukume kidogo. Halafu piga hesabu ya kutoka hapo hadi getini.