Iwokrama: Msitu Uliotolewa kwa Dunia

Iwokrama ni msitu wa mvua wenye ukubwa wa takriban hekta 371,000 katikati ya Guyana, nchi ya Amerika ya Kusini ambayo zaidi ya asilimia 80 ya ardhi yake ni misitu. Mto Essequibo unapita kando yake, na ndani yake wanaishi jagwa, tai harpia, fisi maji wakubwa na mamba weusi.

Historia yake ya kisasa ilianzia mbali na hapo, mjini Kuala Lumpur. Mwaka 1989, viongozi wa Jumuiya ya Madola walipokutana huko, Rais Desmond Hoyte alitangaza kwamba Guyana itautoa msitu huo kwa ajili ya utafiti utakaozinufaisha nchi zote wanachama, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo. Guyana wakati huo ilikuwa imeelemewa na madeni, na mbao zake zingepata wanunuzi upesi. Kwa nchi iliyobanwa kiasi hicho, ulikuwa uamuzi wa kijasiri.

Mkataba na Sekretarieti ya Jumuiya ya Madola ulitiwa saini mwaka 1995, na mwaka uliofuata Bunge la Guyana likapitisha sheria ya kuanzisha Kituo cha Kimataifa cha Iwokrama. Msitu uligawanywa takriban nusu kwa nusu: upande mmoja hauguswi, mwingine hutumika kwa uangalifu. Lengo lilikuwa kupima kama msitu unaweza kuwalisha watu bila kumalizwa.

Wenyeji wa eneo hilo, hasa Wamakushi, walikuwa wakiishi hivyo tangu kale kwa kilimo cha mihogo, uvuvi na uwindaji. Sheria ya 1996 ililinda haki zao za jadi, na kijiji cha Fair View kimebaki ndani ya mipaka ya msitu. Wengi wa walinzi na waongoza wageni wametoka katika jamii hizo. Katika mabwawa na mito ya Rupununi Kaskazini, eneo jirani na msitu huo, arapaima, samaki anayeweza kufikia urefu wa mita 3, alikuwa amevuliwa hadi kukaribia kutoweka. Kwa kuwa samaki huyo huibuka juu ya maji kuvuta hewa, wavuvi walijifunza kuwahesabu kwa macho, mbinu iliyotoka Mamirauá nchini Brazili, kisha vijiji vikasimamia ulinzi wake. Hakuna mtaalamu wa kigeni ambaye angeifanya kazi hiyo bila wao.

Uvunaji wa mbao hufuata mzunguko wa miaka 60: huchaguliwa miti michache katika kila eneo, kisha eneo huachwa lipumzike. Mti unaotafutwa zaidi ni grinihati, mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, ambao tangu zamani hutumika kujengea gati. Mwaka 2008 uvunaji huo ulipata cheti cha FSC, kinachothibitisha kuwa msitu unasimamiwa kwa njia endelevu. Mwaka huohuo kampuni ya Uingereza, Canopy Capital, ililipia haki za huduma zitolewazo na msitu ukiwa umesimama, kama vile mvua na uhifadhi wa kaboni. Watalii nao huja kutembea kwenye madaraja yanayoning'inia karibu na vilele vya miti, takriban mita 30 kutoka ardhini.

Udhaifu mkubwa wa Iwokrama umekuwa fedha. Wafadhili waliochangamka miaka ya 1990 hawakudumu, na mapato ya mbao na utalii yamekuwa ya kupanda na kushuka. Hata hivyo, msitu ambao Hoyte aliutoa bado umesimama, na unaendelea kutumika.