Asteroidi 1428 Mombasa: Jina la Pwani ya Kenya Angani

Mombasa, mbali na kuwa jina la mji wa bandari nchini Kenya, ni pia jina la asteroidi inayolizunguka Jua katika mkanda mkuu wa asteroidi, eneo lililo kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Namba yake rasmi ni 1428.

Asteroidi hiyo iligunduliwa tarehe 5 Julai 1937 na mwanaastronomia Cyril Jackson, akiwa katika kituo cha uangalizi wa anga cha Johannesburg, Afrika Kusini. Kwa desturi ya wanaastronomia, asteroidi hupewa namba ya kudumu baada ya njia yake kuthibitishwa, na mgunduzi hupata haki ya kupendekeza jina. Jackson ndiye pia aliyegundua, mwaka 1933, asteroidi namba 1278 iitwayo Kenya na namba 1279 iitwayo Uganda.

Upana wa Mombasa hiyo ya angani unakadiriwa kuwa zaidi ya kilomita 50. Uso wake ni mweusi, huakisi sehemu ndogo tu ya mwanga wa Jua, na haionekani kwa macho bila darubini. Hukamilisha mzunguko mmoja kwa muda wa takriban miaka 4 na miezi 8.

Jabali la ukubwa huo lingeleta maafa makubwa iwapo lingeigonga Dunia. Hata hivyo, njia yake haikaribii Dunia. Inapolikaribia Jua zaidi, huwa bado katika umbali wa takriban kilomita milioni 360, ilhali Dunia iko umbali wa takriban kilomita milioni 150 kutoka Jua. Asteroidi huhesabiwa kuwa jirani wa Dunia pale tu njia yake inapofika chini ya kilomita milioni 195 kutoka Jua.

Kipimo hicho ni cha manufaa kwa kila mwananchi. Taarifa za asteroidi "kubwa" zinapoenea, ukubwa pekee si dalili ya hatari. Jambo la kwanza kuulizwa ni njia yake inapita wapi, na itakuwa umbali gani kutoka Dunia. Taarifa isiyo na majibu hayo haifai kusambazwa.