Trekta Bovu la Kijiji: Litambue Kabla Halijapimwa Kilo

Ukizunguka vijiji vya Singida, iwe Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni au Itigi, hutakosa kukutana na chuma kilicholala. Pengine ni trekta lisilo na matairi nyuma ya ofisi ya kijiji, plau ya diski iliyomezwa na majani kando ya ghala la ushirika, au injini ya mashine ya kusaga iliyobaki kwenye banda lililoanguka. Wazee wanakumbuka siku kilipofika. Vijana wamekikuta hivyo hivyo. Kwa mnunuzi wa chuma chakavu ni kilo tu, na kilo zikishapakiwa kwenye Fuso hazirudi.

Makala haya yanaeleza mitambo hiyo ilitoka wapi, unavyoweza kuitambua, kwa nini ilisimama, na nani mwenye haki ya kuiuza. Kuna sababu mbili za kuyajua haya. Kwanza, chuma hicho mara nyingi ni mali ya wengi, nawe ni mmoja wao. Pili, sababu zilizoliua trekta la zamani ndizo zinazoweza kuliua hilo unalotaka kukopa mwaka huu.

Ilikuja kwa awamu

Mitambo mikubwa ya kilimo haikuingia katikati ya nchi yetu siku moja. Ilikuja kwa awamu, na kila awamu iliacha mabaki yake.

Awamu inayosimuliwa zaidi ni ya mpango wa karanga wa Waingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa wiki 9 kutafuta ardhi. Ukapendekeza kufyekwa zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Maeneo matatu yalichaguliwa hapa: Kongwa katika mkoa wa sasa wa Dodoma, Urambo huko Tabora, na Nachingwea kusini. Singida yetu haikuwa na shamba la mpango huo, lakini iko katikati ya mawili kati ya hayo. Reli ya Kati inayopita Manyoni na Itigi ndiyo inayounganisha upande wa Dodoma na upande wa Tabora.

Kazi ya kufyeka ilianza Kongwa mwaka 1947. Matingatinga mengi yalikuwa yametumika vitani na kununuliwa kama masalia ya jeshi. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ya Uingereza ilichukua hata vifaru vya kivita aina ya Sherman na kuvigeuza matrekta, yakaitwa Shervick. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mpango baada ya kutumia karibu pauni milioni 36. Sehemu ya ardhi ile ya Kongwa leo ni ranchi ya taifa ya NARCO.

Awamu ya pili ni ya ushirika na vijiji vya ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la 1967. Hapo ndipo matrekta mengi yanayoitwa hadi leo "la kijiji" au "la ushirika" yalipoingia. Miaka ya 1980 matrekta ya Valmet kutoka Ufini yaliunganishwa hapa nchini, Kibaha.

Jirani zetu wa Hanang wana awamu yao. Kuanzia miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lililima ngano kwa mitambo mikubwa katika mashamba 7 kwa msaada wa Kanada, yakiwemo Basotu na Mulbadaw. Wafugaji wa Kibarbaig walipoteza malisho yao na wengine wakafika mahakamani. Baadaye NAFCO ilijitoa, baadhi ya mashamba yakagawiwa wananchi na mengine wakapewa wawekezaji.

Awamu ya karibuni ni ya Kilimo Kwanza, iliyozinduliwa mwaka 2009. Zilikuja pawatila, na matrekta ya Farmtrac na New Holland yaliyouzwa kupitia SUMA JKT. Baada ya hapo yakaja ya Ursus kutoka Poland, yaliyounganishwa Kibaha. Kwa hiyo siyo kila chuma kilicholala ni cha mkoloni. Kingine kina umri wa mtoto aliye sekondari.

Namna ya kutambua

Usianze na rangi, kwa sababu rangi hupakwa upya. Anza na kibati cha namba. Ni kipande kidogo cha bati kilichopigwa ribiti karibu na usukani, chini ya dashibodi au ubavuni mwa injini. Kisugue taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usitumie patasi wala msasa. Humo utakuta jina la kiwanda, aina na namba ya trekta. Namba nyingine huwa imechongwa kwenye chuma cha injini chenyewe.

Kama kibati kimeng'olewa, tumia dalili hizi:

1. Minyororo badala ya matairi, rangi ya njano. Huenda ni tingatinga la Caterpillar. Kampuni hiyo imetumia njano tangu 1931, hivyo rangi peke yake haikuambii umri.

2. Trekta dogo la kijivu. Huenda ni Ferguson TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956. Harry Ferguson ndiye aliyeeneza ile mikono mitatu ya nyuma inayonyanyua plau, ambayo leo iko karibu kwenye kila trekta.

3. Nyekundu na kijivu. Hilo ni Massey Ferguson, jina lililoanza kutumika 1958. Aina za 135 na 165 zilianza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1960. Mtu akikuambia kwamba 135 la kijiji chenu ni la mpango wa karanga, anachanganya awamu.

4. Bluu. Likiandikwa Fordson ni la kabla ya 1964 au mwaka huo. Likiandikwa Ford tu, ni la baada ya hapo.

5. Injini iliyosimama yenyewe, silinda moja, magurudumu mawili mazito pembeni. Hiyo ni ya aina ya Lister, iliyoanza Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuigwa sana India. Ilisaga nafaka na kuvuta maji. Wengi huikumbuka kwa mlio wake wa taratibu.

6. Boliti. Jaribu spana. Spana za milimita zikikataa kukaa vizuri, boliti hizo huenda ni za inchi, na hilo ni dalili ya mtambo wa zamani wa Uingereza au Marekani.

Angalia pia mahali kilipo. Chuma cha zamani kikiwa upande wa Sekenke, Iramba, huenda hakihusiani na kilimo kabisa. Dhahabu ilianza kuchimbwa pale mwaka 1909 wakati wa Wajerumani, na migodi ina mitambo yake.

Kwa nini ilisimama

Jibu tulilozoea ni "liliharibika". Lakini kila trekta huharibika. La kuuliza ni kwa nini halikutengenezwa.

Kongwa, tatizo la kwanza lilikuwa ardhi yenyewe. Udongo wake una mfinyanzi unaoganda kama saruji jua likiwaka, na mvua za kanda yetu ya kati haziaminiki. Mizizi ya vichaka na mibuyu ilivunja majembe. Mitambo ilikuwa imechoka tangu vitani, karakana na vipuri havikutosha, na madereva wengi walikuwa bado wanajifunza. Fedha zilikuwepo, lakini ardhi haikupimwa vya kutosha kabla ya kuagiza mashine.

Vijijini, hali ilikuwa nyingine. Bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla 1973 na tena 1979. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, vikarudishwa miaka ya 1980, na katikati ya hapo mali nyingi zilibadilisha mikono. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikausha fedha za kigeni. Bila fedha za kigeni hakuna vipuri. Trekta lililohitaji pampu moja lilisubiri mwaka mzima, na wakati linasubiri likang'olewa betri, kisha dinamo, kisha matairi ya mbele. Mara nyingi trekta hufa hivyo, kifaa kimoja kimoja.

Pawatila nazo zina somo lake. Mashine ndogo iliyobuniwa kwa majaruba ya mpunga hupata shida kwenye shamba lenye visiki au udongo mgumu wa mbuga. Ndiyo maana katika maeneo mengi ya Singida maksai na plau ya ng'ombe bado vinalima.

Ukiyaweka pamoja, unapata maswali ya kumuuliza yeyote anayekuletea trekta leo, awe muuzaji, benki au mwanasiasa. Udongo wangu unalimudu? Vipuri vinapatikana Singida mjini au mpaka Dar es Salaam? Nani atakuwa fundi wake? Na katika kila ekari itakayolimwa, ni kiasi gani kitawekwa akiba ya matengenezo?

Ni mali ya nani?

Hapa ndipo ugomvi huanzia. Mnunuzi anafika, anaongea na mtu mmoja, anatoa fedha, anakata chuma kwa gesi na kuondoka.

Trekta la kijiji ni mali ya kijiji. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, halmashauri ya kijiji ni chombo cha kisheria kinachoweza kumiliki mali, na mkutano mkuu wa kijiji ndiyo wenye mamlaka ya juu kijijini. Mwenyekiti au mtendaji hawezi kuiuza kama mali yake. Uliza muhtasari wa kikao kilichoamua, bei iliyokubaliwa na stakabadhi.

Trekta la chama cha ushirika ni la wanachama, na vyama vinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mali ya shirika la umma au halmashauri ya wilaya huondolewa kwa utaratibu wa serikali. Mnunuzi naye mtake aonyeshe leseni na kibali cha biashara ya chuma chakavu.

Usitegemee sheria ya mambo ya kale ilinde trekta lako. Sheria hiyo ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Tingatinga la 1947 halimo.

Kabla ya kuuza, jueni pia thamani. Massey Ferguson 135 lina uzito wa karibu tani moja na nusu. Kwa kilo ni fedha kidogo kwa kijiji kizima. Lakini matrekta ya ukoo wake bado yanatengenezwa India na Pakistani, hivyo vipuri vingi bado vinapatikana madukani. Mwiteni fundi kwanza. Pengine injini imekufa lakini gia boksi ni nzima, au ekseli inafaa kutengenezea tela la ng'ombe. Kipande kinachofanya kazi huuzwa kwa bei ya kipande, siyo ya kilo.

Tahadhari

Usikate tangi la mafuta kwa gesi au mashine ya kusagia chuma hata kama limekauka miaka mingi, kwa sababu mvuke uliobaki unaweza kulipuka. Betri ya zamani ina tindikali na risasi, isiwe karibu na kisima. Chini ya boneti angalia nyoka na nyuki.

Watoto wasitumwe kuokota chuma. Mwaka 2017 huko Ngara, mkoani Kagera, wanafunzi walipoteza maisha shuleni baada ya bomu lililookotwa likidhaniwa ni chuma chakavu kulipuka. Ukikuta chuma usichokielewa, usikiguse, mwite mtendaji au polisi.

Ukikiona, fanya hivi

Simu yako inatosha. Piga picha ya mtambo mzima, ya kibati cha namba, ya namba iliyochongwa kwenye injini, na ya mahali ulipo ili mti au jengo la jirani lionekane. Kisha tafuta mzee mmoja aliyeliendesha, kulifuata nyuma akipanda mbegu, au kulima nalo shamba la kijiji. Mwombe akusimulie, na umrekodi kwa ridhaa yake: lilifika mwaka gani, nani alikuwa dereva, lililima wapi, siku ya mwisho lilisimama kwa sababu gani.

Mpelekee mtendaji wa kijiji nakala, na uombe chuma hicho kiandikwe kwenye daftari la mali za kijiji. Mali iliyoandikwa, yenye picha na namba, haiuzwi usiku. Na mkutano mkuu ukiamua kuiuza mchana, kwa bei ambayo kila mtu ameisikia, hiyo ni haki ya kijiji.