Homa Iliyoitwa Malaria: Kutoka Merka hadi Kigali



Ndugu wazazi na wanafunzi, hapa Kigali kuna jibu ambalo kila nyumba inalo tayari kabla mgonjwa hajapimwa: "Ni malaria tu." Mtoto akilaza kichwa juu ya dawati, ni malaria tu. Baba akirudi kazini viungo vinamuuma, ni malaria tu. Mimi mwenyewe nimelisema sana darasani, nikamruhusu mwanafunzi aende nyumbani bila hata kumuuliza ameanza kuumwa lini. Leo tuangalie historia ya jibu hilo, maana limewahi kuficha maradhi makubwa.

Tuanze mbali kidogo. Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi, tabibu aliyezaliwa Rayy, Uajemi, katika karne ya 9 Miladia, aliandika kitabu kizima juu ya ndui na surua. Husifiwa kwa kuyatofautisha maradhi hayo mawili, na ni haki yake. Kinachonishangaza mimi ni kwamba hakusubiri vipele. Alieleza mgonjwa anavyojisikia kabla havijatoka: homa isiyokatika, maumivu ya mgongo, kuwashwa pua, kushtuka usingizini. Akaeleza kuwa mgongo huuma zaidi katika ndui, na kichefuchefu na wasiwasi huzidi katika surua. Pua na usingizi! Nani kati yetu humtajia daktari mambo hayo asipoulizwa?

Sasa twende Merka, pwani ya Somalia, mwaka 1977. Ali Maow Maalin alikuwa kijana mpishi wa hospitali. Tarehe 12 Oktoba alipanda gari lililobeba wagonjwa wawili wa ndui ili kumwonyesha dereva njia, safari ya dakika chache tu. Chanjo alikuwa ameikwepa. Baadaye alisema aliogopa maumivu ya sindano. Tarehe 22 Oktoba akapata homa. Akatibiwa malaria. Vipele vilipotoka ikadhaniwa ni tetekuwanga, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na marafiki wakaja kumtazama kama ilivyo desturi yetu. Ndui ilitambuliwa tarehe 30 Oktoba. Siku nane! Ikabidi watu zaidi ya 50,000 wachanjwe katika wiki mbili. Alhamdulillah alipona, na hakuna aliyeambukizwa kutoka kwake. Ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ugonjwa huo umetoweka.

Tusiwalaumu waliomtibu. Mahali penye malaria nyingi, homa ya siku ya kwanza haina alama usoni.

Hayo yalitufikia na sisi. Ijumaa, tarehe 27 Septemba 2024, Wizara ya Afya ilitangaza kuwa Marburg imeingia Rwanda. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye pango la machimbo ya madini wanamokaa popo wala matunda. Ugonjwa huu huanza kwa homa kali, kichwa na maumivu ya misuli, yaani vilevile tunavyoiita malaria. Kuhara na kutapika hufuata, na damu hutoka baadaye, kwa baadhi ya wagonjwa. Anayesubiri damu ndipo ashtuke amechelewa sana. Waliougua walikuwa 66, wengi wao wahudumu wa afya, na 15 wakafariki. Mwenyezi Mungu awape subira jamaa zao.

Linganisheni na Durba, kaskazini-mashariki ya Kongo, ambako pia ilianzia kwa wachimba madini, kati ya 1998 na 2000: wagonjwa 154, waliofariki 128. Tofauti ina sababu zaidi ya moja. Hapa kulikuwa na vipimo, wodi za wagonjwa mahututi na dawa za majaribio. Durba ilikuwa katika vita. Lakini dawa hizo na maji ya mishipa humfaa zaidi mgonjwa anayefika mapema, na waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa na kupimwa joto kwa siku 21, ili homa ya kwanza isipite bila kuonekana. Tarehe 20 Desemba 2024, nayo Ijumaa, mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha.

Tangu wakati huo darasani kwangu nina daftari dogo. Mwanafunzi akisema anaumwa, naandika siku na saa iliyoanza, na anachohisi kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni pua. Mzazi huchukua karatasi hiyo hadi kwa mjumbe wa afya wa mtaa au kituo cha afya. Kipimo cha malaria hutumia tone la damu na majibu hutoka baada ya dakika chache. Kikionyesha hakuna malaria, safari ndiyo inaanza, haijaisha. Na hata malaria ikionekana, dawa ikimalizika na homa ikabaki, rudini. Mtu anaweza kuwa na maradhi mawili kwa pamoja.

Na Ali Maow Maalin? Alikuja kuwa mhamasishaji wa chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi wa Somalia jinsi alivyoikwepa sindano. Julai 2013 akiwa katika kazi hiyo alishikwa na homa, akafariki. Safari hiyo, kwa taarifa zilizotolewa, ilikuwa malaria yenyewe.