Songea na Mtwara kwa Ndege

Mtwara iko umbali gani kutoka Kitai? Jibu hutegemea anayeulizwa. Rubani huhesabu kuanzia kiwanja cha ndege cha Songea hadi kile cha Mtwara, nazo ni kama kilometa 500 kwa mstari ulionyooka, juu ya mapori ya Namtumbo na Tunduru. Ndege ya propela aina ya Q400 huhitaji saa moja na dakika chache. Fokker Friendship, alizokuwa nazo Shirika la Ndege la Tanzania lilipoanzishwa mwaka 1977, zingechukua kama saa moja na robo; Twin Otter, karibu saa mbili. Basi kati ya ndege iendayo kasi na ile ya polepole, tofauti haifiki saa nzima.

Huku chini mambo ni mengine.

Katika miaka ya 1950 wilaya ya Songea, ambayo Mbinga ilikuwa bado ndani yake, ilikuwa sehemu ya Jimbo la Kusini. Makao makuu ya jimbo yalikuwa pwani, kwanza Lindi, kisha Mtwara. Hivyo Mmatengo wa milimani na Mnyasa wa ziwani walitawaliwa kutoka kandokando ya Bahari ya Hindi. Reli ya mpango wa karanga iliyotoka bandari ya Mtwara iliishia Nachingwea na Masasi, isifike hata nusu ya njia ya kuja kwetu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa.

Baada ya Uhuru Ruvuma ikawa mkoa. Lakini nathubutu kusema kwamba kilichotutenga na Mtwara hasa ni lami ya Makambako hadi Songea, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Siilaumu, ilituokoa na mengi. Ila tangu siku hiyo Songea iligeuza uso kaskazini. Masika ilipoifanya njia ya Tunduru kuwa tope, abiria wa Mtwara alipanda basi hadi Makambako, akapita Iringa, akafika Dar es Salaam, kisha akaanza kushuka kusini upya. Hapo zilikwisha kilometa 1,500 kwa kuutafuta mji ulio umbali wa kilometa 500. Kahawa ya Mbinga nayo ilipanda kaskazini hadi mnadani Moshi, ilhali bahari iko mashariki yetu.

Na mtu wa Kitai alikuwa na safari nyingine kabla ya hiyo. Kitai ni njia panda: huku Mbinga, huku Songea, huku Lituhi ziwani. Mwenye mgonjwa Lituhi alikuwa na haja gani ya kujua dakika za ndege? Alihesabu madaraja na vilima hadi Kitai, kisha akangoja lori.

Lami ya Songea hadi Mbinga, na ile ya kupitia Tunduru hadi Masasi, zilikamilika katika miaka ya 2010. Tangu mwishoni mwa mwaka 2021 makaa ya mawe ya Ruvuma husafirishwa nje kupitia bandari ya Mtwara, na malori yanayoyabeba kutoka Ngaka huufuata mwelekeo uleule wa rubani, kwa kilometa 650 hivi kutoka Songea. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay ingali kwenye michoro.